Uongo Usio na Mwongo: Historia Fupi ya Kupima Kasi ya Kompyuta

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, ofisi ya serikali ya Uingereza iliyosimamia ununuzi wa kompyuta ilikuwa na tatizo la kila mnunuzi. Kila kiwanda kilileta karatasi ya sifa za mashine yake: kujumlisha namba mbili huchukua muda huu, kuzidisha muda huu, kusoma kutoka kwenye kumbukumbu muda huu. Namba hizo zilikuwa za kweli. Lakini hakuna idara inayonunua kompyuta ili ijumlishe namba mbili. Idara ilitaka kujua mashine itafika wapi ikipewa kazi ya siku nzima, na hilo karatasi haikulisema.

Harold Curnow alikuwa mtumishi wa ofisi hiyo. Mwenzake, Brian Wichmann, alifanya kazi katika Maabara ya Taifa ya Fizikia huko Teddington, pembeni mwa London, mahali ambapo riziki ya watu ni kupima: urefu, uzito, muda. Wichmann alikuwa na subira ambayo wachache walikuwa nayo. Alikusanya mamia ya programu ambazo watu walikuwa wameziandika kwa lugha ya Algol 60 kwa ajili ya kazi zao wenyewe, kisha akahesabu zinafanya nini hasa zinapoendeshwa: zinazidisha mara ngapi, zinachomoa thamani kwenye jedwali mara ngapi, zinarudia kitanzi mara ngapi. Hesabu hiyo iliwezekana kwa sababu ya kompaila, yaani programu inayogeuza maandishi ya mtunga programu kuwa maagizo ya mashine. Kompaila ya kompyuta ya KDF9 ilikuwa imetengenezwa na kampuni ya English Electric katika kijiji cha Whetstone, Leicestershire, nayo haikuruka moja kwa moja hadi lugha ya mashine. Ilipitia maagizo ya katikati, na maagizo hayo yaliweza kuhesabiwa moja baada ya jingine.

Kutokana na hesabu hizo ikatungwa programu ya ajabu kidogo. Haikutafuta jibu la swali lolote. Ilizidisha, ikagawanya, ikazunguka kwenye vitanzi, yote kwa uwiano ule ule uliopatikana katika programu za watu, kisha ikasimama. Toleo la kwanza la Algol lilikamilika mwaka 1972, na makala ya Curnow na Wichmann ikachapishwa katika The Computer Journal mwaka 1976. Jina la kijiji likawa jina la kipimo, na kasi ya mashine ikaanza kutajwa kwa idadi ya Whetstone kwa sekunde.

Wazo hilo lilikuwa zuri, nami sioni kama lingeweza kuepukika. Lakini lilikuwa na ufa tangu siku ya kwanza. Programu iliyotungwa ili ifanane na kazi bado si kazi, na pengo lililopo kati ya hizo mbili ni mali ya yeyote atakayeamua kulitumia.

Marekani mambo yalikwenda kwa haraka zaidi na kwa subira pungufu. Mwezi Oktoba 1977 kampuni ya DEC ilitoa kompyuta ya VAX-11/780. Kwa kuwa ilimaliza kazi kwa muda unaokaribiana na ule wa mashine moja maarufu ya IBM, iliyohesabiwa kuwa na uwezo wa maagizo milioni moja kwa sekunde, VAX nayo ikapewa cheo hicho hicho. Kuanzia hapo kila kampuni ilijipima kwayo: mashine yetu ni VAX mbili, yetu ni VAX tano. Mwaka 1984 Joel Emer na Douglas Clark, wote wa DEC, walifunga kifaa cha kuhesabia kwenye VAX zilizokuwa kazini. Wakakuta kwamba agizo moja, kwa wastani, lilichukua mizunguko 10.6 ya saa ya mashine, na kila mzunguko ni nanosekunde 200. Ukigawanya unapata maagizo kama 470,000 kwa sekunde. Milioni iliyokuwa msingi wa matangazo ya sekta nzima haikufika hata nusu.

Biashara haikutikisika. Kila mtu alikuwa akijilinganisha na VAX ile ile, kwa hiyo mfuatano wa nani wa kwanza na nani wa pili ulibaki ulivyokuwa. Mwaka huo huo wa 1984 Reinhold Weicker, mhandisi wa Siemens nchini Ujerumani, alichapisha kipimo cha Dhrystone, kilichofuata njia ya Whetstone lakini kwa programu zisizohusika sana na hesabu za desimali: mifumo endeshi, vihariri vya maandishi, kompaila zenyewe. VAX ilipata 1,757 kwa sekunde, na namba hiyo ikageuka kigawanyo. Mpaka leo watengenezaji wa vichakataji vidogo vya vifaa vya kielektroniki hugawanya matokeo yao kwa 1,757 na kuyatangaza kwa jina la ile milioni ambayo haikuwahi kuwepo.

Dhrystone ilionyesha hadharani jinsi kipimo kinavyoweza kuliwa kutoka ndani. Ilikuwa fupi mno, kiasi kwamba yote ilienea kwenye kache, ile kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo karibu na kichakataji, anasa ambayo programu kubwa hazina. Majibu yake hayakuchapishwa popote. Kompaila nzuri ina ruhusa kamili ya kufuta hesabu ambayo jibu lake halitumiki, na kadiri kompaila zilivyozidi kuwa nzuri ndivyo zilivyozidi kuifuta Dhrystone yenyewe. Halafu kulikuwa na zile sentensi mbili za herufi 30 ambazo programu ilizinakili na kuzilinganisha. Kompaila iliyojua mapema kwamba urefu ni 30, si zaidi si pungufu, iliweza kuzisogeza kwa mafungu makubwa badala ya herufi moja moja. Katika programu ya kawaida ni nadra kujua urefu huo mapema. Mwaka 1988 Weicker alitoa toleo la pili, lililoandikwa upya ili majibu yachapishwe na kazi isifutike, pamoja na maelekezo ya namna ya kuliendesha. Wenye kompaila wakaendelea na lao.

Wakati huo mgogoro mkubwa zaidi ulikuwa kwenye benki. Mwaka 1973 benki moja kubwa ilitaka kuunganisha matawi yake 1,000, wahudumu wake 10,000 wa dirishani na akaunti za wateja 10,000,000 katika mfumo mmoja wa kompyuta, ikakadiria kwamba saa za msongamano zingeleta miamala 100 kwa sekunde. Maelezo ya mfumo huo yalizaa jaribio ambalo wauzaji walilipenda: muamala mmoja wa kuweka au kutoa pesa, urudiwe, uhesabiwe. Kwa kuwa hapakuwa na wa kusimamia, kila kampuni ililiendesha kwa namna yake. Nyingi ziliondoa mashine za wahudumu na mtandao, zikailisha kompyuta miamala moja kwa moja kutoka kwenye diski, kisha zikatangaza idadi kana kwamba foleni ya wateja ilikuwepo.

Jim Gray, aliyekuwa katika kampuni ya Tandem, aliandika rasimu ya namna jaribio hilo linavyopaswa kufanywa, akaizungusha kwa wenzake wa makampuni na vyuo vikuu. Makala ilipotoka katika jarida la Datamation tarehe 1 Aprili 1985, mahali pa mwandishi paliandikwa tu kwamba ni Asiyejulikana na wenzake. Walikuwa watu 24, na wengi wao walikuwa na waajiri ambao hawangefurahi kuona majina yao. Ndani yake mlikuwa na mambo mawili ambayo nadhani yana uzito kuliko jaribio lenyewe. La kwanza: asilimia 95 ya miamala lazima ijibiwe ndani ya sekunde moja, ili mtu asivune idadi kubwa huku mteja akisubiri dirishani. La pili: kasi isitajwe bila bei, na bei iwe ya kununua na kutunza mfumo kwa miaka mitano.

Gharama za kutofuata makala hiyo zilikuwa ndogo, na ugomvi ukaendelea miaka mitatu zaidi. Mwezi Agosti 1988 mchambuzi Omri Serlin aliyashawishi makampuni manane kuunda baraza la pamoja, TPC, na Novemba 1989 likatoa kanuni zake za kwanza, TPC-A. Mtu akitaka kutangaza namba sasa ilibidi aambatanishe ripoti kamili: vifaa gani, mipangilio gani, bei gani. Baadaye ukaongezwa ulazima wa mkaguzi wa nje. Mwaka huo huo wa 1988 Apollo, Hewlett-Packard, MIPS na Sun walianzisha baraza jingine, SPEC, kwa upande wa vichakataji. SPEC waliacha kabisa programu za kutunga. Walichukua 10 halisi, mojawapo ikiwa kompaila ya gcc, nyingine ya kuiga saketi za umeme, wakazitoa mwaka 1989. Mashine ya kulinganishia, kama mtu angetarajia, ilikuwa VAX-11/780.

Ufa wa Whetstone ukafuata huko huko. Moja ya zile 10, iliyoitwa matrix300, ilizidisha majedwali ya namba yenye safu 300 kwa 300, na asilimia 99 ya muda wake ilitumika kwenye mstari mmoja wa programu. Kompaila mpya ya IBM ilipanga upya mstari huo ili majedwali yagawanywe vipande vinavyoenea kwenye kache. Kasi ikapanda mara tisa. Kichakataji kilikuwa kile kile. Je, huo ni udanganyifu? Kugawanya majedwali hivyo ni mbinu halali inayofundishwa vyuoni, na mtu mwenye majedwali ya kuzidisha alinufaika kweli. Asiye nayo aliona wastani wa mashine ukipanda kwa sababu isiyomhusu. SPEC waliiondoa matrix300 katika toleo la 1992 bila kumwadhibu mtu.

Kesi ya Oracle ilikuwa ngumu zaidi kuamua. Mwezi Aprili 1993 kampuni ya ushauri ya Standish Group ilidai kwamba Oracle imeongeza ndani ya programu yake aina ya pekee ya muamala, yenye masharti ambayo mteja wa kawaida asingeyatumia, kwa lengo la kupandisha alama za TPC-A tu. Oracle walijibu kwamba hawakuvunja kifungu chochote, na walikuwa sahihi: hakukuwa na kifungu. Mwanafunzi aliyepewa maswali ya mtihani ule ule miaka minne mfululizo hahitaji kuiba karatasi. Septemba mwaka huo baraza likapitisha katazo la vitu vinavyotengenezwa kwa ajili ya jaribio peke yake, na Oracle wakayaondoa matokeo yao.

Kulikuwa na njia nyingine ya kushughulika na namba mbaya, nayo ni kuzizuia zisichapwe. Mwaka 1983 David DeWitt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walipima hifadhidata kadhaa kwa jaribio lao wenyewe, wakazitaja kwa majina, na Oracle haikutoka vizuri. Kwa maelezo ya DeWitt, Larry Ellison, mkuu wa Oracle, alimpigia simu mkuu wa idara yake kulalamika vikali. Baadaye katika mikataba ya leseni ya Oracle, kisha ya wauzaji wengine wengi wa hifadhidata, kikaingia kifungu kinachomkataza mnunuzi kuchapisha matokeo ya majaribio bila ruhusa. Watu wa fani hiyo hukiita kwa jina la DeWitt mpaka leo. Katika historia yote hii hicho ndicho kitendo ambacho siwezi kukitafutia utetezi.

Visa vya aina hiyo havikwisha. Oktoba 2001 waandishi wa tovuti ya HardOCP walibadilisha jina la faili la mchezo wa Quake III kutoka quake kuwa quack, wakaona kadi ya picha ya ATI Radeon 8500 ikipungua kasi na picha zikiwa safi zaidi. Programu ya kuongoza kadi ilikuwa ikitambua mchezo kwa jina na kupunguza ubora wa picha. Mwaka 2013 AnandTech walikuta kwamba Samsung Galaxy S4 ya kichakataji cha Exynos iliruhusu kichakataji picha kukimbia kwa megahezi 533 kwenye programu fulani za kupimia, ilhali programu nyingine ziliishia 480. Orodha ni ndefu na yote ina umbo moja.

Umbo hilo lina gharama yake. Ukizisoma kanuni za TPC na SPEC unaona mara moja zilitungwa zikimfikiria nani: muuzaji. Yeye ndiye anayeficha bei, anayefundisha kompaila maswali, anayechagua siku nzuri. Dhidi yake ziliwekwa ripoti, wakaguzi na faini ya aibu. Mtafiti wa chuo kikuu, asiye na kitu cha kuuza, aliyepima mbinu yake mpya usiku kwenye kompyuta iliyo chini ya meza yake, hakuna aliyefikiri kwamba anahitaji kulindwa dhidi ya chochote. Alikuwa mkweli, mashine haina ujanja, saa ilikuwa sahihi. Nini kingeharibika?

Jibu lilitoka mwaka 2009, katika mkutano wa ASPLOS. Todd Mytkowicz na Amer Diwan wa Chuo Kikuu cha Colorado, Matthias Hauswirth wa Lugano, Uswisi, na Peter Sweeney wa IBM walikuwa wamejiuliza swali la kawaida kabisa. Kompaila ya gcc ina ngazi za juhudi, na wanaoitumia huamini kwamba ngazi ya tatu, O3, hutoa programu yenye kasi kuliko ya pili, O2. Je, ni kweli? Walizipima programu za SPEC kwa ngazi zote mbili. Namba zao zikakataa kukubaliana, tena si kwa kuyumba ovyo: kila mmoja alipozipima kwake alipata namba zilizotulia vizuri, zinazorudiwa kila alipozirudia, na zisizolingana na za mwenzake.

Sababu waliyoifuatilia inachekesha mpaka uielewe. Katika mifumo ya Unix, kabla programu haijaanza, mfumo endeshi huandika kwenye kumbukumbu yake maelezo mafupi kuhusu mtumiaji: jina lake, folda yake, lugha yake, programu zake ziko wapi. Huitwa vigeu vya mazingira. Programu inayopimwa kwa kawaida haivitumii kwa lolote. Lakini vinakaa kwenye mwanzo wa eneo liitwalo staki, ambako programu huweka vitu vyake vya muda, kwa hiyo urefu wake huamua staki ianzie wapi. Ongeza herufi kadhaa na kila kitu cha programu kinasogea. Kitu kilichokuwa kimekaa vizuri ndani ya mstari mmoja wa kache sasa kimekatika katika miwili, au kimeangukia anwani inayogongana na ya kitu kingine. Programu ni ile ile, herufi kwa herufi, lakini kasi imebadilika.

Maana yake ni kwamba mtafiti aliyeingia kwenye kompyuta kwa jina la juma na mwenzake aliyeingia kwa jina la mwanahamisi wangeweza kupata majibu tofauti, na kila mmoja angeweza kuapa. Mpangilio wa kuunganisha mafaili ya programu wakati wa kuitengeneza, jambo ambalo mara nyingi hufuata alfabeti au mazoea tu, ulikuwa na athari ya aina hiyo hiyo. Kwa baadhi ya programu ukubwa wa athari ulitosha kugeuza hukumu: ukipanga hivi O3 inaharakisha, ukipanga vile inachelewesha.

Wakageukia kazi za wenzao. Walichukua makala 133 za mikutano minne mikubwa ya fani hiyo. Hakuna hata moja iliyoshughulikia upotofu wa namna hii ipasavyo. Ongezeko la kasi lililodaiwa humo, kwa kuchukua la katikati, lilikuwa asilimia 10, na upotofu waliouona wao ungeweza kufikia kiwango hicho. Hawakusema makala hizo ni za uongo. Walisema jambo zito zaidi kwa mwanasayansi: kwa yaliyoandikwa humo, msomaji hana njia ya kujua.

Kikulacho ki nguoni mwako, na miaka zaidi ya 20 ilikuwa imepita watu wakikagua nguo za wengine. Makala ya 2009 haikuleta mkaguzi mpya. Iliazima dawa kutoka kwa wanaopima dawa. Daktari anayejaribu tiba hawezi kuwafanya wagonjwa wote wafanane. Anachoweza ni kuwagawa kwa bahati nasibu ili tofauti zao zisiegemee upande mmoja. Fanya hivyo kwa mashine, wakasema. Pima kwa mazingira mengi yenye urefu tofauti, kwa mipangilio mingi ya kuunganisha, uchukue picha ya jumla. Kuligandisha jambo moja mahali pamoja ili namba zitulie hakukuondolei upotofu. Kunakufanya uuchague mmoja bila kujua.

Charlie Curtsinger na Emery Berger wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Amherst, walilichukua shauri hilo mpaka mwisho wake. Mwaka 2013 walitoa chombo kinachoitwa Stabilizer, ambacho huhamisha vipande vya programu, staki na vitu vyake vingine kwenye kumbukumbu bila mpangilio, tena na tena, programu ikiwa inaendelea. Mwenye haraka ataona ni kichaa: wamefanya makusudi kile ambacho kila mpimaji hujitahidi kukizuia. Lakini vitu vikihamishwa mara nyingi vya kutosha, bahati nzuri na mbaya husawazishana ndani ya uendeshaji mmoja, na nyakati zinazopatikana hutawanyika kwa umbo ambalo takwimu za kawaida zinaweza kulishughulikia. Swali la O2 na O3 sasa likaweza kujibiwa, walau kwa kompaila ya LLVM waliyoitumia. Tofauti kati ya hizo mbili, katika mkusanyiko mzima wa programu za SPEC, haikuweza kutenganishwa na bahati tu.

Hapo kuna jambo la kusikitisha kidogo. Nguvu nyingi za watu hodari zilikuwa zimeingia katika ngazi ya tatu.

Lugha zinazotafsiriwa wakati programu inaendelea, kama Java na JavaScript, zilikuwa na kitendawili chao. Mwaka 2007 Andy Georges, Dries Buytaert na Lieven Eeckhout wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, walikuwa wameshaonyesha kwamba watafiti wa Java waliripoti namba zao kila mtu kwa kanuni yake, mmoja akichukua bora, mwingine wastani, mwingine ya pili kwa ubora, na kwamba kanuni iliyochaguliwa ingeweza kubadili mshindi. Lakini imani moja ilibaki bila kuguswa. Kila mtu alijua kwamba programu ya namna hii huanza polepole, mfumo unachunguza sehemu zinazotumika sana na kuzitafsiri vizuri zaidi, kisha kasi inapanda na kutulia kileleni. Kwa hiyo tupa mizunguko ya kwanza, pima iliyobaki.

Edd Barrett, Carl Friedrich Bolz-Tereick, Sarah Mount na Laurence Tratt, wa King's College London, pamoja na mwanatakwimu Rebecca Killick wa Lancaster, walitaka kujua kupanda huko kunachukua muda gani. Walichagua programu ndogo zilizozoeleka, ambazo kila mwenye kutengeneza mifumo hiyo alikuwa amezichezea kwa miaka, wakazirudia kila moja mara 2,000 ndani ya uendeshaji mmoja. Michoro ya mwanzo ilitoka na sura za ajabu, nao wakafanya kile ambacho mtu mwangalifu hufanya: wakailaumu kazi yao. Wakazima kipengele cha turbo kinachobadili kasi ya kichakataji kwa kufuata joto. Wakazima huduma zisizo za lazima na mtandao. Wakaandika programu ya kusimamia kila kitu, Krun, iliyoiwasha upya kompyuta kabla ya kila uendeshaji, ikasubiri kichakataji kirudi kwenye joto lake la mwanzo, ikafungua akaunti mpya ya mtumiaji, ndipo ikaanza.

Sura za ajabu zikabaki. Baadhi ya programu zilipanda na kutulia kama vitabu vinavyosema. Nyingine zilianza kwa kasi, zikapungua, zikatulia huko chini. Nyingine hazikutulia kabisa. Nyingine, na hizi ndizo zinazomtesa mpimaji, zilitulia leo na kukataa kesho kwenye mashine ile ile. Makala yao ya 2017 inasema kwamba jozi za mfumo na programu zilizofika kileleni na kutulia bila kukosa hazikuzidi asilimia 43.5. Hakukuwa na muuzaji wa kukamatwa hapo, wala wapimaji wazembe. Wenye mifumo hiyo walishangaa kama wengine.

Nje ya vyuo, mtu aliyeipitia njia nzima peke yake ni Victor Stinner, mmoja wa watunzaji wa lugha ya Python. Mwaka 2016 alikuwa na mabadiliko aliyotaka kuyathibitisha kuwa yanaharakisha, na namba zilimzungusha kwa miezi. Aliutenga upande mmoja wa kichakataji usiguswe na kazi nyingine. Akakuta kwamba hata hapo kasi ya saa yake ilibadilika kwa kufuata walichokuwa wakifanya majirani. Akakuta kwamba kuongeza mistari ambayo haikuendeshwa kamwe kuliichelewesha programu, kwa kuwa iliisogeza mistari mingine. Python yenyewe, kwa sababu za usalama, huchagua namba ya nasibu kila inapoanza na kuitumia kupanga kamusi zake za ndani, na namba hiyo nayo iligusa kasi. Mwanzoni aliifunga kwenye thamani moja, akafurahia utulivu. Baadaye akaona alichofanya: alikuwa amechagua bahati moja kati ya nyingi na kuiita ukweli. Akaiachia.

Chombo alichokiandika, ambacho sasa kinaitwa pyperf, huanzisha michakato 20 tofauti, kila mmoja na nasibu yake, kisha hutoa wastani ukifuatana na mtawanyiko wake. Mtawanyiko ukifika sehemu ya kumi ya wastani, huandika onyo kwamba huenda matokeo hayajatulia, na hupendekeza mpimaji aongeze idadi ya uendeshaji au aitulize mashine yake kwanza.